Posho ya Mlezi Asiye na Kazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi wa shughuli hii adhimu, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, kwa kuwa yule aliyealikwa ametoa udhuru na kunikaimisha majukumu yake yote pamoja na kiti chake cha mto. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, wakurugenzi wanaokaimu, na wale waliokwisha kustaafu lakini bado tunaonana nao kila penye viburudisho. Wawakilishi wa mashirika rafiki. Wanahabari, hasa ninyi wenye kamera. Mke wangu mpenzi, ambaye amevaa kitambaa kile kile cha mapazia ya jukwaa na amependeza kuliko jukwaa. Shemeji yangu, mzabuni wa fulana, kofia, mabango na kokoto. Na mwisho kabisa, kwa sababu itifaki lazima iwe na mwisho, ninyi walengwa wetu, ndugu zangu wenye ulemavu pamoja na walezi wenu mliokaa pale nje ya turubai: hamjambo?

(Sauti chache: "Hatujambo." Sauti ya mwanamume aliye kwenye kiti cha magurudumu, mstari wa mbele: "Jua linatumaliza!")

Asante sana ndugu yangu. Suala la jua ni la idara ya hali ya hewa, nami si mtu wa kuingilia kazi za wenzangu.

Kwa wale wachache wasionifahamu, maana nimeambiwa kuna watu wasioangalia taarifa ya habari, mimi ndiye Mkurugenzi Mwandamizi wa Idara ya Uratibu wa Faraja Shirikishi. Nimesimama mbele yenu, katika uwanja huu wa ofisi yetu uliomwagiwa kokoto mpya jana ili upendeze kwenye picha, nikiwa na furaha isiyo kifani, na unyenyekevu ambao watu wengi wamekuwa wakinisifia, kuzindua rasmi Mpango Jumuishi na Endelevu wa Posho ya Faraja kwa Watu Wenye Ulemavu na Walezi Wao wa Muda Wote, kwa kifupi MJEPOFA, kifupisho ambacho kamati ya wataalamu ilijifungia kukitafuta katika hoteli yenye bwawa la kuogelea hadi kikapatikana.

(Makofi kutoka ndani ya turubai. Mstari wa mbele, mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni amenyoosha mkono.)

Naona mama mmoja amenyoosha mkono. Mama, ratiba inasema maswali ni baada ya hotuba, na baada ya hotuba ratiba inasema ni viburudisho, kwa hiyo kiutaratibu maswali hayapo. Lakini mimi ni kiongozi msikivu. Mpeni kipaza sauti. Kifupi, mama.

(Mwanamke: "Mheshimiwa, mimi ndiye yule fundi cherehani mliyekuja kunipiga picha kazini, na huyu kwenye kiti ni kaka yangu. Mlisema mlezi mwenye kazi hapati posho, nikaacha kazi. Mwenye karakana, hapo ng'ambo ya barabara, amenishikia cherehani changu mpaka saa sita ya leo. Ikipita anampa fundi mwingine. Nataka neno moja tu. Posho ipo, au haipo? Kama ipo nabaki na kaka yangu. Kama haipo, nakimbia sasa hivi." Makofi makubwa kutoka juani.)

Mama, swali lako ni zuri mno, lina mashiko, na nakupongeza kwa kuliuliza ukiwa umesimama wima. Swali kama hilo haliwezi kujibiwa kwa neno moja, litakuwa ni kulidharau. Nitalijibu kwa kina, na kina kinahitaji utangulizi. Hata hivyo, natoa angalizo la kirafiki: kwa mujibu wa kanuni za MJEPOFA, mlezi atakayeondoka katika uwanja huu kabla hotuba ya uzinduzi haijafungwa rasmi atahesabika kuwa amejitoa mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, na hatasajiliwa tena maishani. Saa sita bado, mama. Saa yangu hii ni ya uhakika, nilipewa zawadi kwenye semina. Keti.

(Mwanamke anatazama ng'ambo ya barabara. Anaketi.)

Ndugu wananchi, wazo la MJEPOFA lilinijia nikiwa safarini. Idara ilinituma ng'ambo, mimi na mke wangu kama mwangalizi wa kujitegemea, kwenda kujifunza wenzetu wanawahudumiaje watu wenye ulemavu. Nataka niwaambie ukweli wangu: hotelini kwetu niliona ngazi isiyo na vidato. Ni mteremko mtupu, laini, una vyuma vya kushikilia pembeni! Nikaupanda. Nikashuka. Nikaupanda tena. Wahudumu wakadhani nimepotea. Nikamwambia mke wangu, mama watoto, hiki kitu lazima tukipeleke nyumbani. Na tukakipeleka, kipo kwenye simu yangu, picha mbalimbali, wanaotaka kukiona waje ofisini kwangu ghorofa ya tatu.

(Sauti ya mwanamume kwenye kiti: "Tuje kwa mabawa?" Vicheko.)

Naisikia sauti ile. Ni ya kaka mtu. Nimearifiwa kuwa ndugu yetu huyu alikuwa fundi rangi, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na wenzake kwa utani wanamwita Ngazi. Ndugu Ngazi, utani ni afya, lakini tuupangie muda. Tena umenigusia jambo nililotaka kulisema kwa fahari kubwa, nalo ni uhakiki.

Wapo watu waliotutaka tuwahakiki walengwa majumbani. Tukasema hapana, hiyo ni kuwadhalilisha, kila mwananchi ana haki ya kuja ofisini. Basi tukaweka meza ya uhakiki ghorofa ya tatu, mahali penye feni, na tukatumia kigezo kimoja, chepesi, kisicho na upendeleo, kilichobuniwa na idara hii na ambacho hakuna nchi nyingine inacho: anayefika mezani ameweza, na aliyeweza hana ulemavu wa kiwango cha posho. Asiyefika mezani hakuleta maombi. Kwa kigezo hiki, ndugu zangu, foleni ilikwisha asubuhi moja! Asilimia mia ya waliofika tulithibitisha kuwa wamefika. Sijui kama kuna idara nyingine iliyowahi kupata usahihi wa namna hiyo.

(Mwanamume kwenye kiti: "Mimi nilibebwa mgongoni na wachukuzi wawili wa sokoni, wakipokezana! Karani wako akaandika 'amefika mwenyewe, anatabasamu'. Nilikuwa nalia!")

Ulikuwa na wachukuzi wawili, ndugu Ngazi. Wengi hapa hawana hata mmoja. Huo tayari ni mtaji. Na kama karani aliona tabasamu, basi tuwe na moyo wa kushukuru. Lakini kwa kuwa idara ina huruma, na kwa kuwa kila uzinduzi unahitaji mlengwa wa kupigwa picha, tulilirudia jalada lako, ukapita kwa njia ya kipekee, wewe na dada yako. Ndiyo maana mko kwenye bango lile kubwa pale juu. Tazameni wananchi! Ni kazi ya shemeji yangu. Kaka anatazama mbele kwa matumaini, dada amemshika bega. Kile kiti cha magurudumu shemeji alikiondoa pichani kwa kompyuta, maana kilikuwa kinaharibu mwonekano.

(Mwanamume kwenye kiti: "Basi amenikalisha hewani! Mwangalieni huyo jamaa, amekaa juu ya nini?" Vicheko virefu. Watu wa ndani ya turubai wanageuka kutazama bango, baadhi wanafunika midomo.)

Umekaa juu ya matumaini, ndugu yangu. Naomba utulivu. Naomba maji.

(Anakunywa maji. Saa ya ukutani, kwenye veranda ya ofisi, inasomwa kwa sauti na mtu wa nyuma: "Mama, bado kidogo!")

Sasa nije kwenye nguzo ya pili ya mpango, ambayo ni mlezi wa muda wote. Hapa ndipo sayansi ilipo, naomba mnisikilize kwa makini, na wewe mama cherehani usiangalie barabara, niangalie mimi. Tulifanya ukaguzi wa kushtukiza katika karakana pale ng'ambo. Tulimkuta mama huyu amekaa kwenye cherehani, pini ziko mdomoni, anashona sare za shule. Tukamuuliza, kaka yako mwenye ulemavu yuko wapi? Akasema yupo nyumbani, nyuma ya karakana hapo hapo, amekaa na jirani yao muuza mboga, ambaye anachambua mboga zake kitandani kwa kaka huku wakibishana mpira. Tukasubiri tuone. Mara mama akachomoka, akaenda, akamgeuza kaka yake ubavu wa pili asipate vidonda, akamnywesha maji, akamtukana kidogo, kaka naye akamtukana, akarudi kwenye cherehani na kuendelea na kola ile ile alipoiachia. Na siku inapita hivyo! Jioni anaondoka na ujira wake, anampitia jirani, wanapika pamoja.

Nikashtuka. Wajumbe wangu wakashtuka. Huu ni utaratibu gani? Hauna mwongozo, hauna msimamizi, hauna semina hata moja! Tena ulikuwa unafanya kazi, jambo lililotutia wasiwasi zaidi. Nikasema hapana, hatuwezi kuwaacha watu hawa katika hali hii. Ndipo nikatoa kile kifungu maarufu ambacho wanahabari mmekinukuu: mlezi mwenye ajira si mlezi, ni mfanyakazi anayepita nyumbani. Anayetaka posho aache kazi kwanza, aje na uthibitisho wa mwajiri wake, halafu tumhurumie kwa utaratibu.

(Mwanamke amesimama tena: "Niliacha siku ile ile, mheshimiwa! Nilirudisha mkasi na ufunguo wa droo mbele yenu, mkapiga picha. Jirani yangu akaona nipo nyumbani, akarudi sokoni kwake. Tangu hapo tunasubiri. Sisemi sana. Ipo, au haipo?")

Uvumilivu, mama! Ni kipi kigumu katika neno uvumilivu? Mimi mwenyewe ni mlezi, najua machungu ya ulezi. Mama yangu mzazi hawezi kutoka kitandani, na ninamlea kwa mikono yangu miwili: mkono mmoja nimemwajiri dada wa kazi, mkono mwingine napokea picha zake kwenye simu kila Jumapili. Mara nyingine picha inachelewa, na siku hiyo sili vizuri. Kwa hiyo msidhani mnaongea na mtu wa mbali.

(Mwanamume kwenye kiti: "Mheshimiwa, sasa sitanii. Tangu mdogo wangu aache kazi, lile godoro langu la upepo limetoboka na hatujaweza kununua jingine. Nina kidonda mgongoni. Usiku nauma shuka ili yeye asisikie, na yeye anajifanya amelala ili mimi nisijue kuwa amesikia. Nakuomba kama binadamu. Mjibu dada yangu akashike kazi yake.")

Pole sana, ndugu Ngazi. Pole sana kwa kweli. Hilo la kidonda ni la idara ya afya, kila idara ina mipaka yake, na mimi ni mtu wa kuheshimu mipaka. Lakini niseme kwamba maneno yako yametugusa, na namuona mke wangu anatafuta kitambaa mkobani. Katibu, andika hapo: "walengwa walitoa maoni yenye kujenga."

Niende kwenye takwimu, maana hisia bila takwimu ni kelele. Utafiti wa idara, uliofanywa na idara, miongoni mwa wafanyakazi wa idara, unaonyesha kuwa asilimia tisini na nne wana imani na MJEPOFA, na hao sita waliobaki wamehamishwa. Ari ya watumishi imepanda kwa asilimia arobaini, magari ya idara yameongezeka maradufu, na impakti, narudia, impakti, ambayo ndiyo lugha ya wataalamu, imekuwa shirikishi, jumuishi na mtambuka. Tumejenga fremuweki. Tumeandaa rodimapu. Tumefanya kapasiti bildingi kwa wakurugenzi wote ili wasije wakazidiwa na shukrani zenu. Na tumeingia katika dijitali! Posho itakuwa inapokelewa kwa njia ya simu, kwa sistimu ya kisasa ambapo mlengwa anaweka kidole gumba akiwa ofisini kwetu, na mlezi wake anaweka kidole gumba akiwa benki, wote kwa sekunde ile ile, ili kuzuia udanganyifu.

(Mwanamke mzee aliyekaa na kijana asiyeona: "Sasa huyu wangu atavushwa barabara na nani, nami nipo benki?")

Swali zuri sana, bibi. Atavushwa na teknolojia.

(Vicheko vya uchungu. Mtu wa nyuma, akisoma saa ya veranda: "Mama cherehani, dakika zinayoyoma!" Mwanamke amesimama, amekunja gauni mkononi tayari kwa mbio, lakini haondoki. Kaka yake: "Mdogo wangu, nenda bwana. Huyu hasemi ndiyo huyu." Mwanamke: "Na kama ipo, kaka? Nikitoka wamenifuta maishani. Nitakuinua na nini?")

Umejibiwa vizuri, ndugu Ngazi, dada yako ana akili za mipango! Mnaona wananchi faida ya kusubiri? Huu ndio uzalendo. Mpango usio na watu wa kuusubiri ni karatasi tu.

Haya. Kabla sijafunga, tuamshane kwa kaulimbiu, maana naona jua limewalegeza. Kaulimbiu ya mwaka huu imeandikwa kwenye fulana zenu, zile ambazo shemeji alizileta saizi ya watoto wa chekechea kwa sababu kitambaa kilipungua, kwa hiyo wasioweza kuzivaa wazipeperushe. Nikisema "Faraja!", ninyi mnasema "Kwanza!" Faraja!

("Lini?")

Hapana, hapana. Jibu ni "Kwanza". Someni fulana. Faraja!

("Lini?" Umati wote wa juani, kwa sauti moja. Kijana asiyeona anapiga fimbo yake kwenye mguu wa kiti kufuatisha mdundo.)

Walezi oyee!

("Oyee... wapi?" Vicheko.)

MJEPOFA juu!

(Mwanamume kwenye kiti: "Juu ghorofa ya tatu!" Vicheko vinaenea mpaka ndani ya turubai. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi anakohoa kwa muda mrefu.)

Naona hamasa ni kubwa kupita kiasi. Nimeridhika. Sasa, kwa moyo mkunjufu, niingie kwenye shukrani, na humo humo, mama cherehani, limo jibu lako, kwa maana mimi nikiahidi natimiza.

Namshukuru Mungu kwa kunijalia kipaji cha uongozi. Naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa mikutano yake, naishukuru Kamati ya Kuisimamia kwa kuhudhuria mikutano hiyo na kusaini posho za vikao pasipo ucheleweshaji wowote. Namshukuru shemeji yangu kwa kokoto hizi nzuri, ingawa naona magurudumu ya baadhi yenu yamezama, msihofu, zitashindiliwa baada ya sherehe. Na kwa namna ya pekee kabisa nimshukuru Mhasibu wetu Mkuu, mtu mwadilifu, ambaye mapema sana, kabla hatujamsajili hata mtu mmoja, alinijia ofisini na kuniarifu kwamba posho hii haimo katika bajeti ya mwaka huu, haikuwemo katika bajeti ya mwaka jana, na hakuna mtu yeyote aliyeiombea nafasi katika bajeti ya mwaka ujao. Kiongozi mwingine angevunjika moyo. Mimi nikamwambia, Mhasibu, uzinduzi umo? Akatafuta, akasema uzinduzi umo. Nikasema basi tunazindua! Na leo mnashuhudia MJEPOFA ikiwa ni mpango wa kwanza katika historia ya idara hii kufikia hatua ya kupongezwa bila kupitia hatua ya kuwepo. Hakuna senti iliyoibwa ya mlengwa yeyote, kwa sababu senti ya mlengwa yeyote haikuwahi kutengwa. Huo ndio uwazi tunaouhubiri!

(Mwanamke mwenye futi shingoni anasema, polepole: "Kwa hiyo haipo.")

Kwa kina, mama. Haipo kwa kina.

(Viti vinaanguka. Mwanamume kwenye kiti anapiga kelele: "Kimbia! Mdogo wangu kimbia, niache hapa hapa!" Mwanamke anamtazama kaka yake, magurudumu yake yamezama kwenye kokoto. Bibi wa kijana asiyeona anamsukuma mgongoni: "Nenda mwanangu! Huyu ni wetu, tutamtoa sisi!" Mwanamke anavua viatu na kutoka mbio. Walezi wanne wanakinyanyua kiti cha kaka yake na kukibeba juujuu kuelekea getini. Wengine wote wanafuata.)

Ndugu wananchi! Ndugu zangu walengwa, itifaki! Hotuba haijafungwa rasmi! Mtakaotoka mtahesabika mmejitoa! Mama cherehani, rudi, una zoezi la kupokea mfano wa hundi, wapiga picha wamekaa tayari, ile hundi kubwa imechorwa kwa rangi ya dhahabu! Jamani, wewe bibi, mwache huyo kijana angalau apigwe picha! Askari wa getini, fungeni geti. Kwa nini halifungiki? Kokoto zimeingia kwenye reli? Shemeji, hebu nenda kaangalie.

(Uwanja wa nje ya turubai umebaki na viti, fulana ndogo na kokoto zenye mifereji ya magurudumu. Ndani ya turubai hakuna aliyeondoka, viburudisho bado.)

Sawa. Waacheni. Shukrani ni kitu kinachokuja baadaye. Waheshimiwa tuliobaki, tuendelee kwa utulivu, tena naona hewa imekuwa nzuri zaidi. Wanahabari, kamera zenu zigeuzeni kule barabarani, maana kutoka hapa juu jukwaani naona vizuri, na mtapata tukio lenye mvuto. Yule mama amevuka barabara. Ana mbio, kweli, kwa mtu wa umri wake. Amefika mlangoni mwa karakana. Amesimama.

(Saa ya veranda imepita saa sita. Mke wa msemaji amesimama kutoka kitini kwake ili aone.)

Naona mwenye karakana ametoka, anamuonyesha saa yake ya mkononi, anatikisa kichwa. Ni mtu wa utaratibu yule, nampenda. Ndani kuna binti amekaa kwenye cherehani, anapitisha uzi kwenye sindano. Mama hajaingia. Ameshika fremu ya mlango tu. Na kule nyuma wanakuja na kaka mtu wamembeba, anapunga mikono, nadhani anauliza kulikoni. Sasa ameona. Amenyamaza. Ajabu, mtu yule amenyamaza.

(Msemaji anavua miwani, anaifuta, anaivaa.)

Waheshimiwa, nawaomba tusimame, kwa sababu naona huu ni ushindi mkubwa wa mpango wetu, na katibu aunukuu kwenye ripoti kama ulivyo. Mama yule, kuanzia dakika hii, hana ajira, hana kipato, hana tena jirani wa kumsaidia, na anamlea kaka yake usiku na mchana. Hakuna kigezo hata kimoja ambacho hajakitimiza. Ni mlengwa wetu wa kwanza kufikia asilimia mia kwa mia, na tumemfikisha hapo sisi wenyewe, kwa rasilimali zetu za ndani. Laiti posho ingekuwepo, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuipokea.

Mpigieni makofi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.